Busia hadi Namugongo kwa miguu: mwongozo kamili wa siku nane

Wiki ya mwisho ya Mei, ukipanda basi la Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenda Kampala utawaona kando ya lami. Ni mstari wa watu wenye leso shingoni na rozari mkononi. Wa mbele amebeba msalaba wa mbao, wa nyuma kabisa anachechemea. Wanaelekea Namugongo, nje kidogo ya Kampala, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa imani yao, tarehe 3 Juni. Mwaka wangu wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikichechemea nyuma, na mengi ya hapa chini niliyajulia huko.

Njia hii haina mlima wa kutisha. Ni kama kilomita 200 za vilima vya wastani, na kijiji hakikosekani. Inachosha kwa sababu ni barabara kuu, ileile inayopitisha malori ya mizigo kutoka Mombasa hadi Kampala, Kigali na Kongo. Lami inapika nyayo, upepo wa lori unakusukuma, na vumbi na moshi unavila pamoja na mkate wako. Kwa hiyo kila unachopanga, kuanzia kiatu hadi saa ya kuamka, kipange ukiifikiria lami. Waliofundishwa na njia za mashambani peke yake huanguka siku ya pili.

Kwa nini wanaotoka mashariki wana hadithi yao

Mwaka 1885 askofu Mwanglikana, James Hannington, alitoka pwani ya Mombasa na msafara wa wapagazi, akapita Umasaini, akafika kwa Mumia (Mumias ya leo), kisha akashika njia ya Busoga kuingia Buganda. Hapo ndipo alipokosea. Waganda waliamini kwamba atakayeiteka nchi yao atatokea mashariki, na wageni walizoea kuja kutoka kusini kwa kuvuka ziwa. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alitoa amri, na tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington akauawa huko Busoga pamoja na wapagazi wake wengi. Yusufu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa vijana wa ikulu, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo. Naye akauawa tarehe 15 Novemba. Miezi iliyofuata ilikuwa ya damu, hadi siku ya Kupaa Bwana, 3 Juni 1886, Karoli Lwanga, naye wa ikulu, na wenzake walipochomwa moto Namugongo. Mdogo kuliko wote, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kama 14. Wakatoliki huwahesabu mashahidi 22 na Waanglikana 23, wote wa miaka ya 1885 hadi 1887.

Nayasema haya kwa sababu yanabadilisha namna unavyotembea. Anayetoka Busia anapita upande uleule ulioogopwa. Siku ya nne, ukiiona njia panda ya Mayuge, utajua Hannington aliuawa upande ule wa kushoto, Kyando, na uchovu wako utapungua kidogo. Au hautapungua, lakini utakuwa na la kuzungumza.

Miezi mitatu kabla

Anza Machi. Tembea siku tatu kwa wiki, saa moja au mbili, na kila Jumamosi tembea mwendo mrefu: kilomita 10 kwanza, halafu 15, kisha 20. Kufikia katikati ya Mei uwe umewahi kutembea kilomita 20 Jumamosi na 20 nyingine Jumapili yake. Ile ya pili ndiyo mtihani, kwa kuwa mtu yeyote mwenye afya anaweza kutembea kilomita 25 mara moja. Kazi ni kuamka kesho yake na kurudia. Na uifanye lamini, ukiwa na begi lako mgongoni.

Viatu nunua sasa, si wiki ya kuondoka. Raba nyepesi yenye soli nene inashinda buti, maana buti ni la matope na mawe, wala lami haina hayo. Chagua saizi moja zaidi ya unayovaa, kwa sababu mguu huvimba ukitembea kutwa. Nenda kununua jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Mimi nilivaa raba mpya kabisa niliyoinunua siku mbili kabla, nikidhani ninauheshimu msafara. Utasikia yaliyonipata.

Wenye sukari, presha, au mimba waongee kwanza na daktari. Mwenye sukari hasa, kwa kuwa kidonda cha mguuni kwake si jambo la mzaha.

Karatasi na pesa

Mkenya anaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania abebe pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Kila mtu awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichome angalau siku kumi kabla, ipate muda wa kufanya kazi mwilini. Busia ina kituo kimoja cha mpakani ambapo nchi zote mbili zinakuhudumia. Wenyeji watakuonyesha njia za panya, na ni kweli watu huzipita kila siku kwenda sokoni. Wewe usizipite. Ukiugua au ukigongwa Iganga, hutaki kuanza kueleza uliingiaje nchini.

Pesa badilisha benki au kwenye duka la kubadilisha fedha, si kwa vijana wenye mabunda mkononi. Nunua laini ya simu ya Uganda upande wa pili.

Karatasi yenye thamani kuliko zote ni barua ya paroko wako. Iwe na muhuri wa parokia, majina ya wasafiri wote na namba ya simu ya kiongozi. Barua hiyo ndiyo itakayokufungulia madarasa na kumbi za parokia njiani. Kiongozi apige simu au atume mtu mwezi mmoja kabla kwenye kila kituo cha kulala, maana wiki hiyo vikundi ni vingi na sakafu ni ileile.

Usiende peke yako. Kikundi kizuri ni cha watu 15 hadi 40. Wakipungua hapo hamna ulinzi, wakizidi mtakula saa nne usiku kila siku.

Begi

Begi lisizidi kilo sita, maji yakiwemo. Ndani yake: nguo mbili za kubadilisha, soksi jozi tatu (za mchanganyiko wa nailoni, kwa sababu za pamba tupu hushika jasho na kukwangua), kandambili za jioni, shuka au leso mbili, mkeka mwembamba wa kukunja, koti la mvua, kofia, tochi, chupa ya maji ya lita moja na nusu, vidonge vya kusafisha maji, pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, karatasi ya chooni, sabuni. Mvua za masika zinakuwa hazijaisha, kwa hiyo kila kitu kitie kwenye mfuko usiopitisha maji kwanza. Wanawake wabebe pedi za kutosha hata kama tarehe zinasema hapana; mwendo hubadilisha tarehe.

Mafuta ya mgando, bendeji, pamba, spiriti na sindano mpya viwe mfuko wa nje, usilazimike kupekua.

Kama kikundi kina pesa, kodini pikapu ya kubeba magodoro, sufuria na wagonjwa. Wapo wanaosema gari linapunguza thawabu. Mimi niliona mama wa miaka sitini akiokolewa na gari hilo, na sina la kuongeza.

Saa za kutembea

Amka saa tisa usiku, sala na chai, muwe barabarani saa kumi na nusu. Tembea hadi saa tano asubuhi. Pumzika kivulini hadi saa tisa alasiri. Malizia kilomita tano au sita za mwisho kabla ya giza. Lami ya saa saba mchana hupitisha joto hadi ndani ya soli.

Uganda, kama Kenya, magari hupita kushoto. Ninyi tembeeni kulia, mkiyatazama yanayokuja, kwa mstari wa mmoja mmoja, nje ya ule mstari mweupe. Wa mbele na wa nyuma wavae fulana za kuakisi mwanga na washike tochi kukiwa bado giza. Kelele ya lori lililo nyuma yenu, upande wa pili, isiwashtue. La kuogopa ni basi linalopita lori jingine na kuingia upande wenu. Mkubaliane neno moja la onyo. Sisi tulitumia "Gari!" likipigwa kutoka mbele, na kila mtu anashuka majanini bila kuuliza. Kuimba ni vizuri, lakini vipokea sauti masikioni viacheni nyumbani.

Siku kwa siku

Mpango huu unaanza tarehe 24 Mei na kukufikisha tarehe 31. Umbali ni wa takriban.

Siku ya 1 na 2, Busia hadi Bugiri, kama kilomita 45. Zigawe katikati, karibu na njia panda ambapo barabara ya Malaba na Tororo inajiunga na yenu. Msijaribu kuzimaliza kwa siku moja eti miguu bado mipya. Baada ya njia panda malori huongezeka maradufu. Kiswahili huku kinaeleweka karibu kila kibanda.

Ipo njia nyingine kwa wanaochukia malori: kutoka Busia kupitia Lumino, Namayingo na Mayuge, ikitokea Musita, kati ya Iganga na Jinja. Ina lami, ni tulivu, na ndiyo inayokusogeza karibu na Kyando. Hasara yake ni kwamba miji ni michache, hivyo chakula na mahali pa kulala lazima vipangwe mapema zaidi. Kikundi kidogo chenye uzoefu, ningewaambia waende huko.

Siku ya 3, Bugiri hadi Iganga, kama kilomita 35. Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote, si kwa umbali tu bali kwa kuwa ni siku ya tatu: miguu imeshaumia na bado haijazoea. Ondokeni saa moja mapema zaidi. Anayetaka kurudi nyumbani atalisema leo. Msimjibu hadi ale.

Siku ya 4, Iganga hadi Kakira, kama kilomita 25. Hapa ndipo penye njia panda ya Mayuge niliyoitaja. Baadaye mashamba ya miwa yanaanza na hewa inanukia sukari inayochemka. Usichume muwa wa shamba, kuna walinzi. Unauzwa barabarani, umeshamenywa.

Siku ya 5, Kakira hadi Njeru kupitia Jinja, kilomita 17 au 18. Ni siku fupi kwa makusudi. Fueni nguo, nendeni maungamo, laleni mchana. Mto Nile mtauvuka kwa daraja jipya lililofunguliwa Oktoba 2018, lenye urefu wa mita 525, limening'inizwa kwa nyaya. Linapendeza mno, na simu itakuwasha mfukoni. Iache huko. Askari wanaolinda daraja hawana mzaha na picha, na kikundi kizima kinaweza kukaa jua kali kwa sababu ya mmoja.

Siku ya 6, Njeru hadi Lugazi, kama kilomita 30, ikipita ndani ya msitu wa Mabira. Ni siku nzuri kuliko zote kwa kivuli na mbaya kuliko zote kwa ukingo wa barabara, maana lami inabanwa na miti na kona ni nyingi. Ingieni msituni kukishapambazuka, msitoke mstari, wala msikate njia za ndani. Tumbili watawafuata wakitaka ndizi. Najjembe, katikati ya msitu, wachuuzi wenye makoti hukimbilia kila gari na mishikaki ya kuku na gonja la kuchoma, yaani ndizi. Chagua kipande kinachotoka motoni mbele ya macho yako. Kile kilichozunguka na mchuuzi tangu asubuhi kiache.

Siku ya 7, Lugazi hadi Mukono, kama kilomita 26. Kampala sasa inanuka karibu: bodaboda ni nyingi, ukingo ni mwembamba. Mananasi na mafenesi ya huku ni ya kukumbukwa. Kula, lakini fenesi kiasi, tumbo lina safari bado.

Siku ya 8, Mukono hadi Namugongo, chini ya kilomita 20. Baada ya Seeta acheni barabara kuu na mkate kulia kupitia vijijini. Siku hizo hata mtoto atawaonyesha njia. Kutoka lami kuu ni raha ambayo sijui nikuelezeje.

Miguu

Kila mapumziko, vua viatu. Kausha vidole, paka mafuta ya mgando kisiginoni na katikati ya vidole, badili soksi. Ukihisi mahali panawaka, simama hapo hapo ubandike plasta. Usiseme nitafika kwanza. Nilisema nitafika kwanza.

Jioni ya Bugiri nilikuwa na lengelenge kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini kila kisigino. Tulilala darasani, madawati yamesukumwa ukutani. Katekista wetu, mzee wa miaka sabini, aliuweka mguu wangu gotini kwake kama anayeshona kiatu. Aliuosha kwa maji na sabuni, akapaka spiriti, akatoa sindano mpya na kuifuta kwa spiriti ileile. Alitoboa pembeni, chini kabisa, mara mbili, halafu akakandamiza taratibu kwa pamba hadi maji yakaisha. Mimi nikanyoosha mkono nichune ile ngozi iliyolegea. Akanipiga kofi la mkono.

"Kijana, hiyo ngozi iache. Hiyo ndiyo bendeji uliyozaliwa nayo."

Akafunga bendeji safi juu. Wengine hupitisha uzi na kuuacha ndani ili uendelee kunyonya maji. Uzi huo huingiza uchafu, usifanye. Lengelenge dogo lisilouma usilitoboe kabisa. Likigeuka jekundu pembeni, likawa la moto, au ukapata homa, panda gari uende kituo cha afya. Kesho yake nilitembea na kandambili juu ya soksi, nikafika.

Kula na kusalimia

Kula kidogo, mara nyingi. Asubuhi chai na mandazi au chapati iliyoviringishwa na mayai, ile wanayoiita rolex. Mchana posho, ambayo ni ugali wetu kwa jina lingine, na maharagwe. Maji usisubiri kiu. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Koroga pakiti ile ya kuongeza maji mwilini unywe yote.

Kuanzia Jinja Kiswahili kinapungua. Wazee watawapigia kelele kutoka barazani, "Kulikayo!", yaani poleni na safari. Jibuni "Awo!" na mtaona nyuso zikifunguka. Mwanamume mwite ssebo, mwanamke nnyabo. Mara nyingine mtaletewa ndizi na mtungi wa maji bila kuomba. Pokeeni kwa mikono miwili.

Namugongo kwenyewe

Fikeni tarehe 31 Mei au 1 Juni. Atakayefika tarehe 2 jioni atalala amesimama, maana watu huja kwa mamia ya maelfu. Sehemu ni mbili. Basilika ya Wakatoliki imejengwa kwa umbo la nyumba ya jadi ya Kiganda, na nguzo zake ni 22, moja kwa kila shahidi. Altare yake ipo pale Karoli Lwanga alipochomwa, peke yake, kwa moto wa polepole. Mahali pa Waanglikana ni Nakiyanja, mwendo mfupi kutoka hapo. Nendeni kote, kwa kuwa waliokufa walikufa pamoja. Upo pia msikiti unaowakumbuka Waislamu waliouawa zama za Kabaka Mutesa I, kabla ya hao wote, na mahujaji wengi huupita bila kujua.

Mlangoni kuna ukaguzi, kwa hiyo visu vya kumenyea matunda viachwe garini. Kubalianeni mahali pa kukutana pasipohamishika, kwa sababu simu hazishiki mtandao siku hiyo. Misa husaliwa kwenye kisiwa kidogo cha ziwa lililochimbwa hapo, na watu hukaa kwenye miteremko inayolizunguka. Mkitaka kuona, kaeni hapo tangu alfajiri na mwavuli wa jua. Maji ya ziwa watu hubeba kwa vidumu hadi nyumbani. Beba kwa imani yako, ila usiyanywe bila kuyachemsha.

Ukiwa na miguu bado, tarehe 1 panda gari hadi Munyonyo, kusini mwa Kampala. Hapo ndipo hukumu ilipotolewa, na hapo Denis Ssebuggwawo aliuawa tarehe 25 Mei 1886. Waliohukumiwa walitembezwa kutoka huko hadi Namugongo wakiwa wamefungwa, na baadhi waliuawa njiani. Walifika tarehe 27 na kuwekwa wiki nzima wakisubiri kuni zikusanywe.

Kurudi

Usirudi kwa miguu, na tiketi ya basi inunue kabla ya tarehe 2. Jioni ya tarehe 3 nauli hupanda na viti huisha, na barabara kutoka Namugongo hadi kuu huziba kwa saa kadhaa. Lala usiku mmoja zaidi kama unaweza, uondoke tarehe 4 asubuhi. Ndani ya basi vua viatu, weka miguu juu ya begi, na kila kituo simama utembee kidogo, la sivyo magoti yatakataa kushuka Busia. Mpakani hakikisha mmeandikishwa kutoka kama mlivyoandikishwa kuingia, kitambulisho kwa kitambulisho, kiongozi akihesabu vichwa dhidi ya ile barua ya paroko.

Kucha moja au mbili zitakuwa nyeusi. Zitaanguka zenyewe kwa muda wake, usizing'oe.